Namna ya kupima uwezo wa mwamba kuhifadhi mafuta na gesi

Gesi ya kisiwa cha Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, haikukaa kwenye ziwa la chini kwa chini kama wengi wanavyodhani, bali imejificha katika nafasi ndogo mno zilizo baina ya chembe za mwamba wa mchanga. Vijana wanaoanza kazi hii ya kupima miamba hapa Tanga huwa nawaanzisha kwa makopo na maji, kabla hawajagusa mashine ya maabara.

Hatua ya kwanza, chota mchanga wa ufukweni Raskazone, uanike mpaka ukauke kabisa, kisha ujaze chombo cha lita 1. Mimina maji taratibu kwa kikombe cha vipimo hadi yafikie usawa wa mchanga. Yakiingia mililita 380, basi nafasi ni asilimia 38 ya ujazo wote. Ukimimina kwa pupa, hewa itanaswa ndani na kipimo kitapungua.

Hatua ya pili, rudia kwa mchanga uliochanganywa na udongo laini. Kipimo kitashuka, kwa kuwa chembe ndogo huingia katika mianya ya chembe kubwa.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu kuwapo kwa nafasi si sawa na kuungana kwake. Toboa makopo mawili chini, tandika kitambaa, jaza moja mchanga na jingine mfinyanzi, kisha mimina maji sawasawa. Kwenye mchanga yatachuruzika papo hapo. Kwenye mfinyanzi yatatuama juu, ingawa mfinyanzi mbichi huweza kuwa na nafasi nyingi kuushinda mchanga. Mtiririko wa namna hii ndio mhandisi Mfaransa Henry Darcy aliouwekea kanuni mwaka 1856, na kizio cha upitishaji, yaani wepesi wa mwamba kupitisha kimiminika, kinaitwa kwa jina lake. Mfinyanzi ukishakuwa mwamba, huwa kifuniko kinachoizuia gesi isipande.

Hatua ya nne, kwangua jiwe la mchanga upate unga, udondoshee siki. Ukitoa mapovu, chokaa imegandisha chembe na huenda imeziba sehemu ya nafasi.

Mawe ya chokaa ya Amboni, karibu na Tanga, yanahitaji jicho jingine. Jiwe lenyewe halinywi maji kwa urahisi, lakini maji yaliyopita katika nyufa zake ndiyo yaliyoyayeyusha yakawa mapango. Kwa hiyo andika kwanza upana na mwelekeo wa kila ufa, na zile nyufa zilizojaa madini meupe uziorodheshe kando, maana zimekwisha kuzibwa.