Miwani ya progresivu kwa mwendesha pikipiki: namna ya kuizoea hatua kwa hatua

Dereva wa bodaboda aliyevuka miaka 40 hapa Moshi mara nyingi huja dukani na lalamiko moja: barabara anaiona, tuta analiona, lakini ujumbe wa muamala kwenye simu hausomeki mpaka anyooshe mkono wote. Hilo si ugonjwa. Lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa kadiri umri unavyosogea, ikashindwa kubadili umbo ili kuona vya karibu. Kama tayari alikuwa na miwani ya kuona mbali, sasa anahitaji nguvu mbili, na hapo ndipo anapouliza habari za progresivu: lenzi moja isiyo na mstari, ambayo juu ni ya kuona mbali, katikati ni ya umbali wa mkono, chini ni ya kusomea.

Kazi yangu ni kupima macho na kufunga lenzi hizi, na mimi mwenyewe natembelea pikipiki kila siku. Msimamo wangu ni huu: progresivu inamfaa mwendesha pikipiki endapo vipimo vimechukuliwa akiwa na helmeti kichwani, na endapo shingo yake imefundishwa kazi mpya kabla ya kuingia barabarani. Likikosekana moja kati ya hayo, asiendeshe nayo.

Elewa lenzi yenyewe

Fikiria kinu cha kutwangia: mdomo mpana juu, kiuno chembamba katikati, kitako kinachotanuka kidogo chini. Ndani ya umbo hilo unaona safi. Nje ya kiuno, kulia na kushoto kwa chini, picha inapinda na kuyumba. Lenzi za aina hii zilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1959 kwa jina la Varilux, kazi ya mhandisi Bernard Maitenaz, na tangu hapo viwanda vimepunguza sana ule ukungu wa pembeni. Kuumaliza kabisa haiwezekani, kwa sababu nguvu ya lenzi ikibadilika kutoka juu kwenda chini lazima pembeni pavurugike. Kwa hiyo akikwambia mtu kwamba ana progresivu isiyo na ukungu pembeni, muulize maswali zaidi.

Kwenye karatasi ya vipimo utaona namba ya ADD. Hiyo ndiyo nguvu ya kusomea inayoongezwa chini. Mwenye miaka arobaini na kitu huwa karibu na +1.00, mwenye hamsini huenda +1.75 au +2.00, na wa sitini hufika +2.50. ADD ikiwa kubwa, kiuno kinazidi kuwa chembamba na ukungu unaongezeka. Ndiyo maana anayeanza mapema, namba ikiwa ndogo, huzoea kwa urahisi kuliko anayesubiri mpaka ashindwe kabisa kusoma.

Hatua ya 1: Pima macho, siyo miwani tu

Mwambie anayekupima kwamba unaendesha pikipiki, unaendesha saa ngapi kwa siku, na kama unaendesha usiku. Kama una kisukari, sema. Sukari ikipanda na kushuka, vipimo vya macho navyo hubadilika, na miwani ya gharama iliyotengenezwa wiki ambayo sukari iko juu inaweza isikufae baada ya dawa kufanya kazi. Subiri itulie kwanza. Baada ya miaka 40 pia omba wakuangalie presha ya macho na mtoto wa jicho, kwa kuwa ukungu unaotokana na hayo hautibiwi na lenzi yoyote.

Hapa pia ndipo pa kuamua kama unaihitaji kweli. Dereva anayekaa barabarani kutwa nzima na kusoma mara chache, mara nyingi namshauri achukue miwani ya kuona mbali tu kwa kuendeshea, na ya kusomea aiweke mfukoni. Mwingine namshauri bifokali, lenzi ya sehemu mbili tu, juu ya kuona mbali na chini ya kusomea: ina mstari unaoonekana na picha inaruka kidogo jicho linapovuka, lakini sehemu yote ya juu ni safi kulia hadi kushoto, na bei yake iko chini. Progresivu inamlipa zaidi mtu anayebadilisha kazi mara nyingi kwa siku: anaendesha, anashuka, anaandika stakabadhi, anatazama kompyuta, anapanda tena. Mwenye kizunguzungu cha mara kwa mara, shingo inayokataa kugeuka, au macho mawili yenye nguvu zinazopishana sana, aongee kwa kina na mtaalamu kabla ya kutoa hela.

Hatua ya 2: Chagua fremu na lenzi kwa ajili ya helmeti

Mikono ya fremu iwe myembamba na iliyonyooka. Mikono minene au iliyojikunja sana nyuma ya sikio haipiti kwenye sponji ya helmeti. Itakuumiza kichwa ndani ya nusu saa na kuisukuma miwani mahali isipotakiwa. Kimo cha lenzi, juu hadi chini, kisipungue milimita 30. Fremu fupi za mtindo zinalazimisha lenzi yenye njia fupi (njia ni ule mteremko wa katikati kutoka nguvu ya mbali hadi ya kusomea), ambamo nguvu inabadilika ghafla na ukungu unabanana.

Lenzi ziwe za polikaboneti, yaani plastiki ngumu isiyopasuka kirahisi. Jiwe dogo linalorushwa na tairi la lori likipiga lenzi ya kioo, vipande vinaweza kuingia machoni. Omba utando wa kuzuia mng'ao, hasa ukiendesha usiku. Unapunguza vile vivuli vya taa vinavyorukaruka ndani ya lenzi. Kuhusu lenzi zinazobadilika rangi juani: huamshwa na miale ya urujuanimno, na vioo vingi vya helmeti huizuia miale hiyo, kwa hiyo ukishusha kioo cha helmeti zinabaki karibu nyeupe. Usilipe zaidi kwa ajili ya pikipiki. Za polaraizi, zile zinazokata mng'ao unaoakisiwa na maji au lami, nazo zinaweza kukufichia mng'ao wa mafuta yaliyomwagika kwenye lami, mng'ao ambao wewe unauhitaji, na baadhi ya skrini za simu huwa nyeusi ukizitazama kwa pembe fulani. Na miwani ya giza usiku, hata kama giza lenyewe ni hafifu, usivae.

Hatua ya 3: Nenda kupimwa na helmeti yako

Hatua hii ndiyo inayoamua mengine yote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Fundi anahitaji umbali wa kila mboni kutoka katikati ya pua, jicho la kulia peke yake na la kushoto peke yake, na kimo cha mboni kutoka ukingo wa chini wa lenzi. Kwa lenzi yenye njia ya kawaida kimo hicho kiwe kama milimita 18 au zaidi. Fremu irekebishwe ikae sawasawa usoni kabla ya kupima.

Kisha vaa helmeti, ingiza miwani, kaa kama unavyokaa kwenye pikipiki, na umwombe apime tena. Sponji ya helmeti ikiinyanyua miwani milimita 2 au 3, sehemu ya katikati ya lenzi inapanda mbele ya mboni na barabara ya mbali inakuwa na ukungu. Ikiishusha, ya mbali itakuwa safi lakini kusoma utalazimika kuinua kidevu. Tofauti ikionekana, vile vipande laini vya puani vinaweza kupindwa, au kimo kikapangwa upya. Kwa dereva wa kutwa nzima mimi hupendelea kukishusha milimita 1 hadi 2, ili eneo la kuona mbali lipate nafasi ya ziada. Kusoma kutamtaka ainamishe macho zaidi, na hiyo ni gharama ndogo.

Hatua ya 4: Siku ya kuchukua, usikubali alama zifutwe haraka

Lenzi mpya huja na alama za wino, ikiwemo msalaba mdogo. Ukitazama mbele, msalaba unatakiwa ukae katikati ya mboni, macho yote mawili. Mtazame fundi usawa wa macho, mwambie akague bila helmeti, kisha akiwa amekuvalisha helmeti. Baada ya hapo ndipo wino ufutwe.

Kuna pia alama zisizofutika. Ipulizie lenzi pumzi ya mdomo, iinue kwenye mwanga, utaona vialama viwili vilivyochongwa, milimita 34 kutoka kimoja hadi kingine. Chini ya kile cha upande wa sikio imeandikwa ADD yako. Linganisha na karatasi.

Hatua ya 5: Siku za mwanzo, nyumbani na kwa miguu

Ivae asubuhi ukiamka, kabla macho hayajachoka, na usirudirudie miwani ya zamani mchana. Wengi hutulia ndani ya siku chache hadi wiki mbili. Wachache hufika mwezi. Anza ukiwa umekaa: soma simu kwa kushusha macho, kidevu kikiwa mahali pake. Kitu cha pembeni usikifuate kwa macho. Elekeza pua kwake.

Kisha tembea. Utaona ardhi kama inapanda au inasogea, kwa sababu unaitazama kupitia sehemu ya kusomea. Kwenye ngazi na mitaro inamisha kidevu karibu na kifua, ili utazame miguu kupitia sehemu ya juu. Fanya hivyo hadi shingo ifanye yenyewe bila kukumbushwa. Katika siku hizi pikipiki iendeshe na miwani yako ya zamani ya kuona mbali, au mpe mtu mwingine aiendeshe.

Hatua ya 6: Kaa juu ya pikipiki iliyozimwa

Weka stendi mbili, vaa helmeti kwanza, ndipo uingize miwani kwa kunyoosha mikono yake kandokando ya kichwa. Tazama mbali, kisha dashibodi, kisha mbali. Dashibodi iko umbali wa mkono, kwa hiyo sehemu ya katikati ndiyo yake. Kushusha macho kidogo kunatosha.

Saiti mira zinahitaji mazoezi marefu zaidi. (Kama ulizitoa, zirudishe kwanza.) Ziko chini ya usawa wa macho na ziko pembeni, pale pale penye ukungu wa lenzi. Zaidi ya hapo, gari linaloonekana ndani ya kioo bapa jicho hulihesabu kuwa liko mbali, ingawa kioo chenyewe unakigusa kwa mkono. Ukikitupia jicho kwa chini, unatazama kitu cha mbali kupitia lenzi ya kusomea. Vioo vilivyobinuka huleta picha karibu kiasi, lakini bado si umbali wa kusoma. Dawa ni moja: geuza kichwa kuelekea kioo na ushushe kidevu kidogo, macho yabaki katikati ya lenzi. Rudia kulia na kushoto mpaka ugeuzaji uwe mfupi na wa haraka. Inua pia vioo kadiri vinavyokubali. Mteja mmoja, mzee anayebeba ndizi kutoka Marangu, aliniambia, "Mtaalamu, kumbe zamani nilikuwa naangalia nyuma kwa kona ya jicho tu." Wengi wetu ndivyo tunavyofanya, na progresivu hairuhusu.

Hatua ya 7: Barabara, kwa mpangilio

Anza mchana, barabara tulivu, bila abiria. Mashimo na matuta yatafute mapema, mbali mbele, wakati bado yako kwenye sehemu ya juu ya lenzi. Ukisubiri yafike karibu na tairi la mbele utayatazama kwa chini, na hapo kina chake hakisomeki vizuri. Kwenye makutano geuza kichwa kikamilifu pande zote. Simu iwe ya kusomwa ukiwa umesimama: kwa kilomita 50 kwa saa unapita karibu mita 14 kila sekunde, na kwa mwendo huo macho yaliyoshuka kwenye sehemu ya kusomea hayaoni barabara kabisa.

Ukizoea hayo, ongeza mji, kisha abiria, kisha jioni. Usiku na mvua viwe vya mwisho. Kupanda kwenda Machame au Marangu asubuhi yenye ukungu, pumzi yako itaifunika miwani ndani ya helmeti. Fungua matundu ya hewa, acha kioo cha helmeti wazi upana wa kidole unapokwenda polepole, na kabla ya kutoka pakaza tone la sabuni ya vyombo kwenye lenzi kavu kisha ulifute mpaka lenzi iwe safi. Ukiona kiwingu kinakuja na kuondoka kila unapopepesa, yawezekana ni macho kukauka kwa upepo. Shusha kioo kabla hujailaumu lenzi.

Dalili za kumrudia fundi

Ukilazimika kuinua kidevu kusoma, miwani imekaa chini mno. Ukilazimika kuinamisha kidevu ili kuona mbali, imekaa juu mno. Ukisoma vizuri kwa kugeuza uso upande mmoja tu, umbali wa mboni umekosewa. Eleza hivyo hivyo, kwa mwendo wa kichwa. Fundi ataelewa haraka kuliko ukisema "haionyeshi". Wiki mbili zikipita bila nafuu yoyote, rudi. Lakini ukiona vitu viwili viwili, cheche za mwanga, au pazia jeusi pembeni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Vumbi la kwetu hula lenzi. Mimina maji kwanza, ndipo sabuni, ndipo kitambaa laini. Pindo la shati kavu linasugua mchanga juu ya ule utando. Usiiache juani juu ya tangi la mafuta. Pima tena kila baada ya miaka miwili hivi, kwani ADD huendelea kupanda, na unapobadilisha, nenda na ile ya zamani ili fundi asome chapa ya lenzi iliyochongwa na akutafutie muundo uleule.