Leso kuukuu kwa mikono inayouma
Mwenye baridi yabisi akitaka kushona kumbukumbu zake kwenye vipande vya kitambaa, asinunue kitambaa kipya. Leso (kanga) kuukuu ya mama au bibi ni pamba iliyolainika kwa kufuliwa, sindano hupita bila kusukumwa. Kata vipande vya ukubwa wa kiganja, ila jina la leso, yaani msemo ulioandikwa juu yake, usilikatekate. Libaki zima, maana hapo ndipo penye maneno ya mwenyewe.

Asubuhi vidole huwa vimekaza, kwa hivyo subiri vilegee. Siku mikono ikiwa mizuri, tia uzi sindano kadhaa kwa pamoja, uzifungie kwenye kopo kavu. Hewa ya bahari hapa Lamu huzila kwa kutu. Pitisha uzi kwenye mshumaa, utateleza. Fremu ya duara inayokaza kitambaa ibane ukingoni mwa meza, usiishike.

Siku ya maumivu makali, kipande cha siku hiyo kiache kitupu, wala usirudi kukijaza baadaye. Pengo lile nalo ni sehemu ya habari yako. Mishono ikipinda, iache. Mafundi wa kofia za vito, zile zinazodariziwa vitundu vidogo, watacheka kidogo (hao hawasamehe tundu lililokaa upande), lakini wewe hushoni kofia ya Idi.