Injini Isiyotulia Kwenye Baridi Kali: Pima Kabla ya Kuiwasha

Hitilafu nyingi za baridi hupotea injini ikishapata moto. Gari likiendeshwa nusu saa hadi gereji, mpira uliokakamaa umeshalainika, barafu imeyeyuka, na fundi anakuta injini imetulia. Kwa hiyo liache lilale nje usiku kucha, na vipimo vya kwanza vichukuliwe kabla ya kupiga stata. Kazi yote ifanyike mahali pa wazi. Moshi wa ekzosi ndani ya chumba kilichofungwa unaua.

Si kila mngurumo mkubwa ni ugonjwa. Kompyuta ya gari hupandisha mizunguko kwa makusudi injini ikiwa baridi: kwenye nyuzi 20 za Selsiasi chini ya sifuri, mizunguko 1,200 hadi 1,800 kwa dakika ni kawaida kwa magari mengi ya petroli. Inatakiwa ishuke taratibu hadi kati ya 650 na 850. Ikipanda na kushuka ovyo, ikitetemeka, ikizimika, au ikibaki juu baada ya kuendesha dakika 15, hapo kuna kazi.

Chomeka mashine ya kusoma kompyuta kwenye soketi ya OBD (tundu la kuchunguza hitilafu za gari), fungulia swichi bila kupiga stata, kisha linganisha joto la kulanti (maji ya kupozea injini), la hewa inayoingia kwenye injini na la hewa ya nje. Kwa gari lililolala, namba hizi zinapaswa kukaribiana sana. Tofauti ikizidi nyuzi 5 hivi, shuku sensa au waya wake. Sensa ya kulanti inayosoma 40 chini ya sifuri wakati nje ni 10 tu chini ya sifuri kwa kawaida ina waya uliokatika au soketi iliyolegea. Inayodai injini ina moto wakati ni baridi inasumbua zaidi, kwa sababu kompyuta huinyima injini petroli inayohitaji, nayo hutetemeka na kuzimika. Sensa nyingi husoma ohm 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20 za joto, na kufika 15,000 hivi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Thibitisha kwa kitabu cha gari lako.

Pima na betri. Iliyojaa husoma volti 12.6, ikiwa chini ya 12.4 ichaji kwanza, la sivyo vipimo vingine vitakupotosha.

Sasa washa. Sensa ya oksijeni ikishapata moto, tazama marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Yakizidi asilimia +10 injini ikiunguruma bila kukanyagwa, kisha yakashuka ukiishikilia kwenye mizunguko 2,500, kuna hewa inayopenya baada ya sensa ya kupima hewa inayoingia. Chunguza gasketi ya manifoldi, mipira midogo ya vakyumu na mpira wa busta ya breki. Mashine ya moshi ndiyo njia bora, lakini itumike injini ikiwa bado baridi. Kupulizia dawa inayowaka karibu na ekzosi ni kutafuta moto.

Fungua kifuniko cha oili. Povu zito la rangi ya maziwa ni dalili ya maji, mara nyingi kutokana na safari fupi fupi. Maji hayo huganda ndani ya vali ya PCV (inayotoa mvuke na gesi ndani ya injini) na mpira wake, presha hujaa, na oili husukumwa nje kupitia sili au kijiti cha kupimia. Hili lisisubiri kesho. Kama kulanti nayo inapungua, pima gasketi ya silinda hedi.

Throto (mlango wa hewa ya injini) yenye masizi isafishwe kwa kitambaa chenye dawa yake. Ile ya umeme usiisukume kwa kidole, na ukimaliza fuata utaratibu wa kuifundisha upya. Injini ikimisi silinda moja, hamisha koili yake kwenda silinda nyingine: hitilafu ikihama, koili ndiyo mbovu, isipohama, angalia plagi kisha nozeli.

Mizunguko isiyoshuka pamoja na hita isiyotoa joto huelekeza kwenye thamostati (vali inayodhibiti mtiririko wa kulanti) iliyokwama wazi. Oili nayo ina mipaka, kulingana na namba ya W iliyoandikwa kwenye kopo: 10W hupimwa uwezo wa kuzungushwa na stata hadi nyuzi 25 chini ya sifuri, 5W hadi 30, 0W hadi 35.

Kwa dizeli, mtetemo na moshi mweupe wa dakika ya kwanza mara nyingi huanzia kwenye plagi za hita, zinazopasha silinda joto kabla ya injini kuwaka. Chomoa waya, pima kila moja. Nyingi husoma ohm 0.5 hadi 2, na isiyosoma kabisa imeungua.