Vidonge vya vitamini kwa chunusi na ngozi ya mafuta: kipi kijaribiwe, kipi kiachwe

Katika farmasi nyingi za Bukavu, kuanzia zile zinazozunguka soko la Kadutu hadi zile za Ibanda, mteja anayelalamikia chunusi huuziwa vidonge kwanza: vitamini A, vitamini E, B complexe (mchanganyiko wa vitamini za kundi B, ikiwemo B12), zinki, au kopo moja lililochanganya vyote na kubandikwa picha ya uso unaong'aa. Vidonge hivyo havilingani hata kidogo. Zinki ina ushahidi wa kiasi. Vingine vingi hupita mwilini bila faida wala madhara makubwa. Viwili, yaani vitamini A ya kipimo kikubwa na vitamini B12, vinaweza kumwacha mtu katika hali mbaya kuliko aliyokuwa nayo.

Chunusi huanza ndani ya kitundu ambamo unywele huota. Tezi iliyo pembeni mwake hutoa mafuta kwa msukumo wa homoni, hasa wakati wa balehe, na seli zilizokufa hushikamana zikaziba mdomo wa kitundu. Bakteria wanaoishi humo, waitwao Cutibacterium acnes, huzaana katika mafuta yaliyofungiwa, kisha mwili hujibu kwa uvimbe na usaha. Hakuna kidonge cha vitamini cha kawaida kilichothibitika kuiagiza tezi hiyo ipunguze mafuta kwa kiasi cha kuonekana, kwa hiyo anayemeza vidonge ili tu uso using'ae mchana anatupa fedha zake.

Kabla ya kununua chochote, chunguza kinachogusa ngozi na kinachoingia mwilini. Chunusi zilizojipanga kwenye paji la uso na pembeni mwa nywele mara nyingi husababishwa na mafuta mazito ya nywele, nazo hupungua mafuta hayo yakibadilishwa au yakipakwa mbali na uso. Krimu za kujichubua ni jambo zito zaidi. Nyingi zina kotikosteroidi kali (dawa za kutuliza uvimbe) kama clobetasol au betamethasone, ambazo mwanzoni hulainisha uso, kisha huzalisha vipele vidogo vyote vya sura moja, ambavyo hakuna vitamini itakayoviondoa. Aliyezipaka kwa miezi mingi amwone daktari ili aelekezwe namna ya kuziacha, kwa sababu zikikatwa ghafla ngozi huweza kuvimba na kuwaka kwa majuma kadhaa. Zipo pia dawa halali zinazoamsha chunusi, zikiwemo isoniazid inayotibu kifua kikuu na baadhi ya njia za uzazi wa mpango zenye homoni ya projestini peke yake, kama vile vipandikizi. Dawa hizo zisiachwe kwa uamuzi wa mtu binafsi. Mweleze aliyekuandikia, na hasa ile ya kifua kikuu usikose hata siku moja kwa ajili ya uso.

Katika orodha hiyo ongeza sindano na vidonge vya B complexe. Watu wengi huvitumia kwa uchovu au maumivu ya mgongo, wakaona chunusi zimeibuka kifuani na usoni, kisha wakaongeza vitamini zaidi ili kuzitibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba vitamini B12 hubadilisha utendaji wa bakteria wa chunusi na kuwafanya watengeneze kemikali zinazochochea uvimbe. Ikiwa chunusi zako zilianza baada ya sindano hizo, na hukuandikiwa kwa sababu ya upungufu uliopimwa, ziache kwanza kabla ya kutafuta dawa nyingine.

Sasa zinki, ambayo ndiyo pekee ninayoona inastahili kujaribiwa kwa utaratibu. Katika majaribio mengi wagonjwa walipewa takriban miligramu 30 za zinki halisi (yaani madini yenyewe, bila kile kilichoungana nayo) kwa siku, na chunusi zenye uvimbe zikapungua kwa baadhi yao, ingawa zinki ilishindwa na antibiotiki iitwayo minocycline ilipopambanishwa nayo. Neno «halisi» ndilo la kuangalia kwenye boksi. Kidonge cha gluconate de zinc cha miligramu 200 kina zinki halisi isiyofika miligramu 30, ilhali cha sulfate de zinc cha miligramu 220 kina takriban 50. Kikomo kinachotumika Marekani ni miligramu 40 kwa siku kwa mtu mzima na 34 kwa kijana wa miaka 14 hadi 18, chakula kikiwa kimehesabiwa humo, na ni daktari tu anayeweza kukuruhusu kukivuka. Vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji, ambavyo watoto wanaoharisha hupewa pamoja na SRO (chumvi za kurudisha maji mwilini), huwa na miligramu 20 za zinki halisi kila kimoja. Mtu mzima akinunua vya kwake anaweza kutumia kimoja kwa siku, lakini asichukue vile ambavyo mtoto hajavimaliza.

Meza zinki ukiwa umekula, kwa maana tumbo tupu huleta kichefuchefu cha kukatisha tamaa. Mlo wenye nyama au sambaza (samaki wadogo wa ziwani) unafaa kuliko sahani ya bukari (ugali) ya mahindi na maharagwe, ambayo ina fitati, kemikali za mimea zinazoishika zinki isifyonzwe vizuri. (Sambaza wanaoliwa wazima wana zinki yao wenyewe, na kwa mtu ambaye mlo wake ni mihogo tupu, chakula kingepaswa kutangulia kidonge.) Ukitumia doxycycline au vidonge vya madini ya chuma, acha angalau saa mbili kati yake na zinki, la sivyo vitazuiana. Usivuke miezi mitatu bila ushauri, kwa sababu zinki nyingi kwa muda mrefu hupunguza shaba mwilini na huweza kuleta upungufu wa damu.

Vitamini A ndiyo inayonitia hofu. Ni kweli kwamba dawa kali za chunusi zimetengenezwa kwa kufuata umbo lake, na kwamba zamani madaktari waliwapa wagonjwa vipimo vikubwa sana vya vitamini hiyo. Hata hivyo, kipimo kinachofika kwenye ngozi hufika pia kwenye ini. Kikomo cha mtu mzima ni mikrogramu 3,000 kwa siku, yaani UI (vipimo vya kimataifa) 10,000. Kapsuli nyekundu ambayo watoto wa mwaka mmoja hadi mitano hupewa katika kampeni za afya ina UI 200,000, na ile ya buluu ya watoto wa miezi 6 hadi 11 ina UI 100,000. Kapsuli hizo hutolewa mara moja kila miezi minne hadi sita. Mtu mzima anayemeza ile nyekundu kila siku kwa ajili ya chunusi anameza mara 20 ya kikomo chake, na matokeo yake ni midomo kupasuka, kichwa kuuma, nywele kudondoka na ini kuumia. Kwa mwanamke mjamzito au anayeweza kushika mimba hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu vitamini A nyingi huharibu umbo la mtoto tumboni. Karotini iliyomo katika mawese mekundu, lengalenga na karoti haina hatari hiyo, kwani mwili hugeuza kuwa vitamini A kiasi unachohitaji tu.

Vitamini C, D na E hazina ushahidi wa kutosha kwa chunusi. Kutoboa kapsuli ya vitamini E na kuipaka usoni ni kuongeza mafuta juu ya mafuta. Biotini haitibu chunusi, na inapotumiwa kwa wingi huweza kupotosha majibu ya vipimo vya damu, vikiwemo vya moyo na tezi ya shingo. Kwa vitamini B3 afadhali kupaka kuliko kumeza: jeli ya nicotinamide ya asilimia 4 husaidia chunusi zenye uvimbe.

Zinki isitumike peke yake. Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini, na jioni paka benzoyl peroxide ya asilimia 2.5 au 5 kwa kiasi kidogo, ukianza siku moja baada ya nyingine mpaka ngozi izoee. Tandika kitambaa cheupe kwenye mto, kwani dawa hiyo hung'oa rangi ya kitenge na mashuka. Usikamue vipele; katika ngozi nyeusi kila kidonda huacha doa linalokaa miezi.

Piga picha ya uso mahali pamoja, kwa mwanga wa dirisha lilelile, siku ya kwanza na kila baada ya majuma manne. Baada ya majuma 12 linganisha picha hizo, na usipoona tofauti, acha zinki.

Usisubiri majuma hayo ikiwa vipele ni vinundu vikubwa vyenye maumivu, ikiwa makovu yameanza kuchimbika, au ikiwa wewe ni mwanamke ambaye hedhi yake imevurugika na ndevu zinaota. Hapo huenda zikahitajika tiba ya homoni au isotretinoin, dawa kali ya chunusi ambayo hutolewa kwa cheti cha daktari, vipimo vya damu na uzazi wa mpango wa uhakika. Madaktari wa ngozi ni wachache Kivu. Kituo cha afya kitakuelekeza kwenye hospitali kubwa. Siku ya kwenda, weka kwenye mfuko kila boksi, kopo na krimu unayotumia, hata ile isiyo na lebo uliyouziwa sokoni.