Jinsi ya kuomba ruzuku ya uchechemuzi na mashauri ya maslahi ya umma

Andiko langu la kwanza la kuomba fedha za uchechemuzi, yaani utetezi wa kubadili sera au sheria, lilikuwa na semina sita, fulana mia mbili na bango la mita tatu. Mfadhili alilirudisha. Pembeni mwa ukurasa wa pili mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: "Nani anaamua jambo hili, na anaamua lini?" Sikuwa na jibu. Tangu hapo nimeandika mengine mengi, nimekaa pia upande wa pili wa meza nikisoma ya wenzangu, na swali bado ni lile lile.

Mwongozo huu ni wa asasi ya Tanzania Bara inayotafuta fedha za mfuko wa hisani kwa ajili ya kushawishi sera au sheria ibadilike, au kufungua shauri mahakamani. Iko mifuko ya ndani, kama Foundation for Civil Society iliyoanzishwa 2002, na LSF (Legal Services Facility) ya 2011 inayogharamia zaidi msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria wilayani, yaani watu waliofunzwa sheria ya msingi bila kuwa mawakili. Iko pia ya nje. Taratibu zao hutofautiana zaidi kwa fomu. Mwendo ni mmoja.

Hatua ya 1: Fungua droo ya nyaraka

Usianze na andiko. Anza na cheti. Asasi iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali namba 24 ya 2002 ina cheti ambacho, tangu marekebisho ya 2019, kina uhai wa miaka 10. Angalia tarehe. Angalia pia ngazi: kama mmesajiliwa ngazi ya wilaya, andiko linalozungumzia mikoa mitatu litakwama mezani. Kisha hakikisha ada na taarifa za mwaka zimefika kwa Msajili wa mashirika haya, kwa sababu mfadhili makini huuliza hilo kabla ya kusoma ukurasa wa kwanza.

Isomeni katiba yenu upya. Nimeona asasi nzuri kabisa ikikosa fedha kwa kuwa malengo yake yote manne yalihusu ufugaji wa kuku, nayo inaomba pesa za kupinga sheria. Kama utetezi haumo, itisheni mkutano mkuu, badilisheni katiba, andikeni muhtasari wenye sahihi na orodha ya mahudhurio, peleka kwa Msajili. Hilo huchukua miezi, kwa hiyo lifanyeni kabla tangazo la ruzuku halijatoka.

Kama mradi utatoa ushauri wa kisheria kwa wananchi, kuna mlango mwingine. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inataka mtoa huduma hiyo asajiliwe kwa jukumu hilo, na msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Ukiandika "wasaidizi wetu watasimamia kesi 40", umejikata miguu mwenyewe.

Hatua ya 2: Jua fedha imetoka wapi

Hapa wengi hupita mbio, na ndipo mikataba huvunjikia.

Kwa sheria yetu, shirika lisilo la kiserikali halitafuti madaraka ya kisiasa wala halipigii kampeni chama. Hilo liko wazi. Unaweza kuikosoa sheria ndogo ya halmashauri. Huwezi kuchapa fulana inayosema diwani fulani asirudi.

Ugumu uko kwa mfadhili wa Marekani. Tangu 1969 sheria yao ya kodi inazitoza mifuko binafsi ya hisani kodi ya adhabu fedha zao zikitumika kuwashawishi watunga sheria kuhusu muswada fulani, na haijali kama bunge hilo liko Washington au Dodoma. Kwa hiyo utakuta kifungu kwenye mkataba kinachokataza "kushawishi utungaji wa sheria". Wenzangu wengi wakikiona huacha kuomba. Msiache. Utafiti unaotazama pande zote haumo kwenye katazo hilo. Elimu kwa umma haimo. Kufungua shauri hakumo. Na kamati ya Bunge ikikuita kwa maandishi utoe maoni ya kitaalamu, hilo nalo linaruhusiwa. Ndiyo maana barua ya mwaliko kutoka ofisi ya Bunge, hata ikija jioni ya kuamkia kikao, ichapwe na iingie kwenye faili la mradi. Karatasi ile moja ndiyo itakayotetea nauli zenu za Dodoma siku mkaguzi atakapouliza.

Kama mnataka kusukuma muswada moja kwa moja, tengeni shughuli hiyo kwenye bajeti na tafuteni mfadhili mwingine wa kuilipia. Mwambieni kila mmoja wazi nani analipa nini.

Hatua ya 3: Andika jina la cheo na tarehe

Sasa rudi kwenye lile swali la pembeni mwa ukurasa. Chukua mfano wa mama lishe wanaotozwa ushuru wa kila siku sokoni, mvua inyeshe, wateja wawepo wasiwepo. Andiko dhaifu litasema: "kuongeza uelewa wa jamii kuhusu ushuru". Mama lishe anaujua ushuru kuliko mwandishi wa andiko. Analipa kila asubuhi na risiti anaikunja kwenye pindo la kanga.

Andiko lenye nguvu linafuata njia ya ushuru wenyewe. Umewekwa na sheria ndogo ya halmashauri. Sheria ndogo hupitishwa na baraza la madiwani, kisha waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa huiidhinisha. Kwa hiyo wanaoamua ni madiwani, na kabla yao kamati ya fedha, na kabla ya kamati yupo mweka hazina anayeogopa pengo la mapato. Huyo wa mwisho ndiye wa kumshawishi kwanza, kwa hesabu. Mkimpa takwimu za vizimba vilivyofungwa kwa sababu ya ushuru, atawasikiliza. Mkimpa tamko, atawapeni chai.

Tarehe nayo: mapendekezo ya bajeti ya halmashauri hupita kwa madiwani mwanzoni mwa mwaka, na Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Ruzuku ikiingia Machi na shughuli yenu ya kwanza ni "kikao cha utambulisho", mwaka huo mmeshaukosa. Na wekeni fungu la dharura. Juni 2019 muswada uliogusa sheria ya asasi zenyewe ulifika bungeni kwa hati ya dharura na kupitishwa mwezi huo huo. Asasi iliyokuwa na masurufu mkononi ilipanda basi, isiyokuwa nayo ilifuatilia kwenye redio.

Hatua ya 4: Kama ni shauri, hesabu miaka

Rebeca Gyumi wa Msichana Initiative, asasi ya kutetea wasichana, alipinga mahakamani vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18. Mahakama Kuu ilimpa ushindi Julai 2016 na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo Oktoba 2019. Hiyo ni miaka 3 na ushei kutoka hukumu ya kwanza hadi ya mwisho, wakati ruzuku nyingi ni za miezi 12 au 24. Na baada ya yote hayo, kuyabadili maneno ya sheria kulibaki kuwa kazi ya Bunge.

Kwa hiyo bajeti ya shauri iwe na sehemu tatu: kufungua, rufaa, na kufuatilia utekelezaji. Waombaji karibu wote huandika ya kwanza tu. Mimi nikisoma andiko lenye mstari wa "baada ya hukumu", najua mwandishi ameshawahi kushinda kesi na kukaa akisubiri.

Mlalamikaji apatikane kabla ya kuomba. Marekebisho ya 2020 ya sheria ya utekelezaji wa haki za msingi yalimtaka mlalamikaji aeleze kwa kiapo jinsi alivyoguswa yeye binafsi, na marekebisho hayo nayo yamepingwa mahakamani. Wakili wenu awape barua ya kurasa mbili inayoeleza hali ilivyo siku mnayoomba, muiambatanishe. Fikirieni pia usalama wa mlalamikaji huyo, nauli yake, na siku za kazi atakazopoteza. Wakili ana ada yake. Muuza samaki anayekaa mahakamani kutwa hana, na fungu lake huwa halimo kwenye bajeti.

Mkilenga Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, muda wa kufungua ni miezi miwili tangu jambo litokee au mlijue. Sheria ya Huduma za Habari ilisainiwa Novemba 2016; Baraza la Habari, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu walikuwa wameshafungua shauri la kuipinga Januari 2017, na hukumu ya kuwaunga mkono ikatoka Machi 2019. Ni mifuko michache inayoamua ruzuku kwa miezi miwili. Wakili afungue kwanza, ninyi mwombe fedha za kuliendesha.

Hatua ya 5: Tuma, pokea wageni, saini

Tuma siku tatu kabla ya mwisho, kwa sababu mtandao huzidiwa siku ya mwisho kila mwaka. Ukipita mchujo, mfadhili atakuja ofisini. Hatafuti samani. Ataomba vocha moja ya malipo ya zamani na kumuuliza mhasibu na mwenyekiti, kila mmoja peke yake, nani husaini hundi. Majibu yafanane.

Mkishasaini mkataba, saa inaanza kugonga. Kanuni za 2018 zinataka mkataba wa fedha upelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10, na fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitangazwe kwa umma, mapato na matumizi. Wekeni gharama ya tangazo la gazeti kwenye bajeti tangu mwanzo.

Na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zitoeni kivuli siku ile ile mnapozipokea. Maandishi yake hufifia, na mkaguzi atakuja baada ya miezi 14 kukuta karatasi nyeupe.