Jiko lisizimwe nikitoka: kuendesha huduma zako kwenye kompyuta isiyo yako

Kompyuta ninayotumia kazini si yangu. Ni mashine ya mezani inayotumia Linux, katika ofisi ya watu sita hapa Kisumu, juu ya duka la vitambaa. Nenosiri la msimamizi analo fundi mmoja anayekuja Alhamisi, mvua isipomzuia. Mimi nina jina la kuingilia na folda yangu, basi.

Kazi yangu ni sauti. Nakwenda Dunga, Usenge, wakati mwingine hadi Port Victoria, nawarekodi wazee wavuvi wakitaja majina ya samaki, ya pepo na ya mitego, kisha nakaa kuyaandika mahojiano neno kwa neno. Nikirudi jioni, sauti huwa ziko kwenye laptopu nyumbani Manyatta, na diski kubwa iko ofisini. Nilitaka zihame zenyewe usiku, bila mimi kubeba flashi kwenye matatu. Programu niliyochagua ni Syncthing, kwa sababu haihitaji kusakinishwa na msimamizi: unaipakua, unaifungua, unaiweka kwenye folda yako, inafanya kazi. Ina sharti moja tu: kompyuta zote mbili ziwe macho kwa wakati mmoja na programu iwe inaendelea kote kuwili. Sharti hilo ndilo lililonifunza yote haya.

Kabla ya amri yoyote, mwambie mwenye kompyuta. Kwamba unaweza kufanya jambo bila nenosiri lake hakumaanishi amekubali ulifanye. Mkubwa wangu aliniuliza swali moja, "Na bando?" Nikamwonyesha kwamba Syncthing ina mahali pa kuweka kikomo cha kasi, nikakiweka mbele yake, akarudi kwa chai yake.

Sasa tuanze. Andika hii kwenye dirisha la amri:

ps -p 1 -o comm=

Ikijibu systemd, endelea. Kati ya aina za Linux, Debian imekuwa nayo kama chaguo lake la kawaida tangu toleo la 8, na Ubuntu tangu 15.04, yote mwaka 2015, kwa hiyo mashine nyingi za ofisini zitajibu hivyo. Wengi wanaijua systemd kama msimamizi wa huduma (programu zinazoendelea nyuma ya pazia) za kompyuta nzima, zile za kuguswa kwa sudo, amri ya kutumia mamlaka ya msimamizi. Wasichojua ni kwamba kila mtumiaji akiingia huzaliwa systemd nyingine ndogo, yake peke yake, inayomtii bila sudo. Mwite keateka, yaani mtunza nyumba, wa chumba chako. Wewe ni mpangaji: kisanduku cha mita hukigusi, lakini ndani ya chumba chako unapika unachotaka. Tofauti yote katika amri ni neno moja, --user.

Weka programu mahali pake. Mimi nina folda ya bin ndani ya folda yangu ya nyumbani:

mkdir -p ~/bin ~/.config/systemd/user
mv syncthing ~/bin/
chmod +x ~/bin/syncthing

Usiruke chmod. Mimi niliiruka, na huduma ikagoma kwa kosa linaloandikwa 203/EXEC. Ukiliona hilo, ama njia ya faili umeikosea, ama faili haina ruhusa ya kuendeshwa. Usitafute mchawi kwingine kabla ya kukagua hayo mawili.

Kisha fungua faili mpya, nano ~/.config/systemd/user/syncthing.service, uandike:

[Unit]
Description=Kuhamisha sauti

[Service]
ExecStart=%h/bin/syncthing serve --no-browser
Restart=on-failure
RestartSec=30

[Install]
WantedBy=default.target

Mistari ni michache lakini kila mmoja una mtego wake. %h ni folda yako ya nyumbani. Usiweke alama ya ~ hapo. Ile hufasiriwa na dirisha la amri, na hapa dirisha la amri halipo. Kwa sababu hiyohiyo, yale uliyoyaweka kwenye .bashrc hayasomwi. Huduma yako ikihitaji kigezo fulani, kiandike ndani ya faili kwa mstari wa Environment=.

Restart=on-failure maana yake programu ikianguka, iinuliwe. RestartSec nimeipa sekunde 30 kwa makusudi. Usipoiandika, systemd husubiri sehemu ya kumi ya sekunde tu, hivyo programu yenye hitilafu huanguka na kuinuliwa mara tano kabla hujakohoa, na kwa kawaida ikifika mara tano ndani ya sekunde 10 systemd inakata tamaa na kuiacha chini. Ukishafika hapo, systemctl --user reset-failed ndiyo inayofuta hesabu ili uanze upya. Kwa sekunde 30 hesabu hiyo haifiki, na intaneti yetu ikipotea robo saa, huduma huendelea kujaribu kwa subira.

Halafu WantedBy. Mifano mingi utakayokutana nayo ina multi-user.target, kwa kuwa iliandikwa kwa ajili ya msimamizi. Keateka wako hana kitu cha jina hilo. Ukiinakili, amri itapita, na kesho huduma haitaamka. Kwako wewe ni default.target.

Faili ikishahifadhiwa:

systemctl --user daemon-reload
systemctl --user enable --now syncthing
systemctl --user status syncthing

Ya kwanza inamwambia keateka asome faili upya, nayo hurudiwa kila ukiibadilisha. Neno enable linaahidi kuiwasha huko mbele, na --now inaiwasha papo hapo. Status ikionyesha active (running), fungua kivinjari kwenye 127.0.0.1:8384 uunganishe laptopu yako. Kwa njia, namba hiyo haikuchaguliwa ovyo. Milango ya mtandao iliyo chini ya 1024 kwa kawaida haifunguliwi na mtumiaji asiye msimamizi, kwa hiyo kama programu yako inang'ang'ania 80, ihamishie 8080 na mtaelewana.

Nilifika hapa siku ya Ijumaa, nikajipongeza, nikatoka kwenye akaunti yangu kama ofisi inavyotaka, nikaenda zangu. Jumamosi nilikuwa Dunga tangu alfajiri. Jioni nikaiwasha laptopu, nikaiacha usiku kucha. Jumapili asubuhi hakuna hata faili moja iliyokuwa imevuka. Nililaumu mtandao wa nyumbani, nikaukatisha na kuuwasha mara tatu, nikahamia juu ya kabati, mama akaniuliza kama ninatafuta panya. Jumatatu, laptopu ikiwa bado inawaka nyumbani, nikaketi ofisini na kuandika nenosiri langu. Sikuwa nimegusa kitu kingine chochote, faili zikaanza kumiminika.

Hapo ndipo nilipoelewa. Keateka huzaliwa ukiingia, na kipindi chako cha mwisho kikifungwa, naye anaondoka na kila jiko analizima. Kompyuta ilikuwa inawaka wikendi nzima. Mimi ndiye sikuwamo. Maharagwe yangu yalizimwa Ijumaa saa kumi na moja nilipofunga mlango. Dawa ni mstari mmoja:

loginctl enable-linger

Huu unasema: hata nisipokuwepo, keateka wangu abaki, na kompyuta ikiwaka aamke nayo. Hakikisha kwa loginctl show-user $USER --property=Linger; jibu liwe Linger=yes. Kwenye mashine nyingi za sasa mtu anaruhusiwa kujiwekea hili mwenyewe bila nenosiri la mtu. Yako ikikataa, basi hapo ndipo msubiri fundi, lakini mwombe hilo tu: aandike loginctl enable-linger akifuatisha jina lako. Ni jambo la nusu dakika, na halikupi mamlaka yoyote juu ya kompyuta. Fundi wetu nilipomweleza alidhani namwomba sudo, uso ukamkunjamana. Nilipomwonyesha kwamba matokeo yake ni faili tupu yenye jina langu ndani ya /var/lib/systemd/linger, akacheka.

"Hiyo tu, dada?"

"Hiyo tu, fundi."

Kuna walionishauri nitumie nohup, amri inayoiacha programu iendelee hata ukitoka, na alama ya & mwishoni mwa amri. Inafaa kwa kazi ya alasiri moja. Lakini hapa kwetu, mvua ya jioni ikishuka kutoka milima ya Nandi na radi zake, stima hukatika, na iliporudi ile nohup ilikuwa imekwenda na maji. Huduma yenye linger huamka na kompyuta. Kompyuta yenyewe kuamka ni habari nyingine: umeme ukirudi, mashine nyingi hukaa kimya zikingoja kidole. Kuna mpangilio wa kuiwasha yenyewe, uko ndani ya menyu za ubao mama kabla Linux haijaanza, na huo si wa mpangaji. Niliupeleka kwa fundi siku ileile. Pia kama folda yako ya nyumbani imefungwa kwa usimbaji unaofunguka kwa nenosiri lako, linger haitakusaidia kabla hujaingia, maana faili zenyewe bado zimo gizani.

Fundi alipotaka kujionea, aliingia kwa jina lake kisha akahamia langu kwa su, akaandika systemctl --user status, akajibiwa Failed to connect to bus. Akanitazama kama niliyemdanganya. Si kosa la huduma. Ukija kwa su hujapitia mlango unaomtambulisha mtu kwa keateka wake. Ingia kwa ssh (kutoka mashine nyingine) au kwa skrini ya kawaida. Au, kama linger tayari imewekwa, tanguliza hii:

export XDG_RUNTIME_DIR=/run/user/$(id -u)

Huduma ikisumbua, habari zake zinasomwa kwa journalctl --user -u syncthing, ukiongeza -f kama unataka kuzifuatilia zikija. Kwenye baadhi ya mashine utaambiwa hakuna daftari lolote. Usihangaike; ongeza StandardOutput=append:%h/syncthing.log kwenye sehemu ya [Service], na maneno yake yatakwenda kwenye faili yako.

Baada ya wiki mbili nilitaka nakala ya pili ya sauti kila jioni. Kazi ya namna hii haikeshi. Inaamshwa, inafanya, inalala. Inataka faili mbili, kwenye folda ileile ya syncthing.service. Ya kwanza, nakala.service, inayoita rsync, programu ya kunakili:

[Service]
Type=oneshot
ExecStart=/usr/bin/rsync -a %h/Sauti/ /data/sauti/

Ya pili, nakala.timer:

[Timer]
OnCalendar=*-*-* 17:30:00
Persistent=true

[Install]
WantedBy=timers.target

Kinachowashwa ni ile ya pili, kwa systemctl --user enable --now nakala.timer, baada ya daemon-reload. Persistent inalipa deni: kama saa hiyo kompyuta ilikuwa imezimika, nakala itafanywa ikiwaka. Ile /data ni diski ya pili ya mashine, ambamo fundi alinifungulia folda moja. Mwanzoni nilielekeza kwenye flashi, na ikawa inashindwa kila nikitoka mapema, kwa sababu flashi hufunguliwa na skrini ya mtu aliyeingia. Hayupo mtu, hakuna flashi.

Na saa! Nilitaka saa kumi na moja na nusu jioni, mkono ukaandika 11:30, na kwa siku nne rsync ikafanya kazi saa tano na nusu asubuhi, wakati mimi bado niko ufukweni na folda haina jipya. Kompyuta haihesabu kutoka macheo kama sisi. Amri ya systemctl --user list-timers itakuonyesha lini zamu inayofuata, isome kabla ya kuondoka.

Siku ukihama ofisi, usiwaachie majiko yanayowaka. Zima huduma zako, kisha mwachilie keateka:

systemctl --user disable --now syncthing nakala.timer
loginctl disable-linger

Sauti zenyewe zipitie kwanza na mkubwa wako, mkubaliane zipi zinabaki kwenye /data na zipi unaondoka nazo, ndipo ufute folda ya bin.