Kokotoa mwenyewe ukinzani wa matabaka ya sumaku

Chukua kalamu na kanuni za saketi ulizosoma sekondari, zinatosha kuona ukinzani unavyobadilika sumaku moja ikigeuzwa. Tutatumia matabaka mawili ya kobalti yenye shaba katikati, kila moja unene wa nanomita chache, mkondo ukiyakata kutoka upande mmoja hadi wa pili.

1. Gawa mkondo. Mwaka 1936 mwanafizikia Nevill Mott alitoa hoja kwamba ndani ya metali za sumaku, elektroni za spini juu na za spini chini (spini ni usumaku mdogo wa elektroni, wenye pande mbili tu) husafiri kama mikondo miwili, kila mmoja na njia yake. Chora njia mbili sambamba.

2. Ipe kila njia ukinzani wake. Wengi hupita hapa mbio, kumbe fizikia yote iko hapa. Katika kobalti, bendi ya d (kundi la ngazi za nishati za elektroni) ya spini iliyo nyingi, yaani yenye elektroni zaidi katika tabaka hilo, imejaa, hivyo elektroni za spini hiyo hazina nafasi humo za kutawanyikia. Zile za spini chache hukuta nafasi tele kwenye kiwango cha Fermi (nishati ya elektroni zinazobeba mkondo), na hutawanywa kila mara. Kwa kila tabaka, weka 1 kwa spini nyingi na 4 kwa spini chache (namba za mfano tu). Shaba ipuuze.

3. Sumaku zikielekea upande mmoja. Njia ya kwanza: 1+1=2. Ya pili: 4+4=8. Jumla: (2×8)/(2+8)=1.6.

4. Geuza sumaku moja. Spini iliyokuwa nyingi tabaka la kwanza sasa ni chache tabaka la pili. Kila njia ni 5, jumla 2.5.

5. Tafuta asilimia. Tofauti ni 2.5−1.6=0.9, na 0.9/1.6 ni 56%. Ukigawa kwa 2.5 unapata 36%, kwa hiyo kagua kigawanyo kabla ya kulinganisha matokeo ya watu.

Albert Fert na Peter Grünberg waliligundua badiliko hili la ukinzani mwaka 1988 kwenye chuma na kromiamu, wakapata Nobel mwaka 2007. Wao walipitisha mkondo kandokando ya matabaka, kwa hiyo usitarajie namba zako zilingane na zao.

6. Jaribu mipaka. Joto huamsha mawimbi ya spini (mitikisiko ya spini inayosambaa ndani ya sumaku), ambayo hugeuza spini na kuchanganya njia zako mbili; tofauti hupungua. Kisha badilisha tabaka la pili liwe la metali yenye tabia kinyume: 4 kwa spini nyingi, 1 kwa chache. Rudia hatua ya 3 na 4. Utapata 2.5 kwanza, halafu 1.6: ukinzani unashuka sumaku zinapopingana, na jambo hilo limepimwa maabara.